Mchanga Usiotakiwa Kuona Jua

Waliyafungua mabomba yote sita mbele ya ofisi ya kijiji, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Walikata mipira ya kufungia kwa kisu cha kuchinjia mbuzi, wakamwaga mchanga juu ya turubai, na wanaume wazima wenye wajukuu wakapiga magoti kuuchambua kwa vidole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Hakukuwa na dhahabu. Hakukuwa na rupia za Mjerumani. Kulikuwa na mchanga, kama tulivyowaambia tangu asubuhi.

Nimezaa watoto wanne na nimewazika baba na mama. Uchungu naujua. Lakini hasira kama ile ya siku ile sikuwa nimewahi kuionja, na ninapoandika haya bado haijaniisha. Nieleze tangu mwanzo, maana wapo watakaosema Mama Eliana amegombana na watu kwa ajili ya mchanga.

Magharibi ya ziwa letu la chumvi, lile linalokauka kila mwaka ifikapo Agosti, kuna kilima kirefu cha mchanga tunachokiita Mgongo. Kimepinda kama mundu, na kutoka ncha hadi ncha ni mwendo wa nusu saa. Ukikiona kwa mbali hujui kama ni mchanga, kwa sababu kimefunikwa na nyasi, migunga na vichaka. Chini yake, upande wa machweo, kuna kisima. Maji ya ziwa ni chumvi. Visima vya bondeni ni chumvi. Hata pampu ya mradi iliyo karibu na shule inatoa maji ambayo ukipikia chai maziwa yanakatika. Kisima cha Mgongo peke yake ndicho kitamu, kwa sababu mvua inayonyesha juu ya kilima inanywewa na mchanga, inashuka taratibu na kutokea chini ikiwa safi. Kaya mia tatu zinakunywa pale. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, pamoja na kulima alizeti na kuendesha duka la pembejeo pale Mtinko.

Mwezi wa sita mwenyekiti wa kijiji, Melkizedeki, alileta mbele ya halmashauri ya kijiji ombi la mkandarasi wa mjini aliyetaka mchanga wa kujengea. Greda lingepasua njia juu ya Mgongo, vichaka vingefyekwa, malori yangepakia. Kijiji kingejengewa darasa moja. Melkizedeki ni kaka mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu na namheshimu, lakini heshima haizibi masikio. Nilisimama nikauliza kisima kitakuwaje.

"Shemeji," alisema, akitabasamu kama mtu anayemweleza mtoto, "mchanga unachukuliwa juu, maji yako chini. Wapi na wapi?"

Watu wakapiga makofi. Kwa jibu hilo.

Niliandika barua wilayani. Ofisa wa mazingira alinipokea vizuri, akasoma yote, kisha akasema, "Mama, kila kijiji kina kilima ambacho wazee wanasema kisiguswe. Hadithi ninazo za kutosha. Nileteeni kipimo cha kitaalamu kinachoonyesha hatari, kibali kitasimama. Msipoleta, mwisho wa mwezi wa tisa nasaini."

Ndipo nikampigia Rahel. Tulisoma stashahada ya kilimo darasa moja, tukilala kitanda cha juu na cha chini. Baada ya hapo yeye akaendelea kusoma mpaka akawa daktari wa mambo ya udongo, mimi nikaendelea kuzaa. Kazi yake siku hizi ni kuchunguza vilima vya mchanga vya zamani. Alipata ruhusa ya wiki moja chuoni kwake, akaja na begi moja, nyundo, na mabomba sita ya chuma yenye urefu wa mkono.

Jumatatu tulichimba mtaro ubavuni mwa Mgongo, mimi, yeye na wanawake wawili wa kamati, mpaka tukazama kupita vichwa. Ukuta wa mtaro ule ningependa kila mtu wa kijiji angeuona badala ya kusimuliwa. Futi mbili za juu zilikuwa udongo wa kijivu wenye mizizi. Chini yake mchanga msafi, mwekundu kidogo, usio na mzizi hata mmoja, umelala kwa mistari ya mshazari kama vitabu vilivyoegemea ukuta. Chini yake mkanda mweusi, unene wa shubiri, wenye magamba ya konokono wadogo na vipande vya mkaa. Na chini ya mkanda, mchanga wa mshazari tena.

"Huu mweusi ni miaka ya mvua," Rahel alisema, akiugusa kwa ncha ya kisu. "Ziwa lilijaa, nyasi zikaota, kilima kikalala, udongo ukajitengeneza juu yake. Huu wa mshazari ni miaka ya ukame. Ziwa likakauka, upepo ukazoa mchanga kutoka kwenye ziwa, kilima kikatembea. Mistari imeinamia wapi?"

"Magharibi."

"Magharibi kuna nini?"

"Kisima," nikasema.

Nikamwuliza kwa nini sasa kimetulia, wakati mvua za miaka hii ni za kubahatisha.

"Hapo ndipo watu wanapokosea," alisema. "Kilima cha mchanga hakiijibu hali ya hewa siku hiyohiyo. Mvua ikikata, nyasi zinavumilia, mizizi inashika, miaka na miaka. Siku nyasi zikishindwa ndipo kinaondoka. Na kikishaondoka, hata mvua ikirudi hakilali upesi, maana nyasi haioti juu ya kitu kinachotembea. Kuamka ni msimu mmoja. Kulala ni vizazi."

"Kwa hiyo greda likiparua nyasi..."

"Litafanya kwa wiki moja kazi ambayo ukame ungeifanya kwa miaka hamsini."

Ilibaki kujua kilitembea lini mara ya mwisho. Rahel alisema kila kitu kinasimama hapo. Ikiwa ni miaka elfu kumi iliyopita, mkandarasi atasema dunia ilikuwa nyingine. Ikiwa ni miaka mia mbili, babu wa babu zetu wakiwa hapahapa na hali ya hewa hiihii, basi Mgongo umesinzia tu na hauhitaji mengi kuamka. Jibu lilikuwa ndani ya punje za mchanga wenyewe.

"Punje ni kama betri ya simu," alinieleza. "Ikifukiwa gizani inajichaji, polepole mno, kwa mionzi kidogo iliyomo ardhini. Ikipigwa na jua, chaji yote inakwisha papo hapo. Maabara wakipima chaji iliyopo, wanajua ilifukiwa lini."

"Na ikiona jua kabla ya kufika maabara?"

"Basi haina la kutuambia. Ni mchanga wa kujengea."

Kwa hiyo kazi yenyewe ilifanyika hivi: tunajifunika blanketi zito mle mtaroni, yeye anagongomelea bomba ukutani kwa nyundo, mimi nalishika, tunalichomoa, tunaziba ncha zote mbili kwa mpira, kisha tunalizungushia nailoni nyeusi, ile ya kuoteshea miche, ambayo niliitoa dukani kwangu. Wanawake wawili chini ya blanketi mchana wa Agosti, nyundo inalia, tunatoka tumelowa jasho na kitu kirefu cheusi mikononi.

Kosa langu ni hili, na nalisema mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Sikueleza. Mimi nikijua kitu ni sahihi nakifanya, sina tabia ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba kueleweka. Obadia alipita na mbuzi wake akasimama ukingoni, akatutazama muda mrefu. Obadia amechimba dhahabu miaka saba kwenye mashimo ya Iramba, akarudi na kikohozi na maneno mengi. Akauliza, "Mama Eliana, mnachukua nini?" Nikamjibu, "Mchanga." Nikaendelea na kazi.

Mtu wa kwetu akisikia umefunga mchanga kwenye chuma na nailoni, ukautoa ukiwa umejifunika, hafikirii betri. Anafikiria dhahabu. Na kama si dhahabu ni mali ya Mjerumani, maana hakuna kilima mkoani hapa ambacho Mjerumani hakukifukia sanduku la rupia wakati anakimbia. Wenye ramani wanakuja kila baada ya miaka michache, wanachimba na kuondoka na malengelenge. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na jambo moja la kuzungumza.

Alhamisi asubuhi mgambo alipita na kipenga kuita mkutano, na walitufuata nyumbani kwangu kuja kuchukua mabomba, wanaume kumi na wawili, kana kwamba tungekimbia nayo. Yakawekwa mezani mbele ya mwenyekiti. Mtendaji wa kijiji alikuwa kwenye semina mjini. Angekuwepo labda angeuliza sheria inasemaje. Labda.

Rahel aliwaamkia wazee kwa adabu zote, shikamooni, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa upole, kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Mkanda mweusi, mistari ya mshazari, kisima, betri.

"Daktari!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Kwa hiyo tukilala juu ya Mgongo simu zinajaa?"

Kicheko. Rahel naye alicheka kidogo, akidhani ni kicheko cha watu wanaoelewa.

Obadia akasimama. "Mimi nimechimba miaka saba. Mchanga ni huu hapa," akachota gao la vumbi miguuni mwake, akalipeperusha. "Hauna mwenyewe, haufungwi, hauogopi jua. Ukiona mtu anauvisha nguo, ndani kuna kitu."

"Kama ni mchanga tu," Melkizedeki akasema, "fungueni tuone, yaishe. Mimi natakiwa kuwajibu wananchi."

"Mwenyekiti, ukifungua umeua," Rahel alimwambia.

"Mchanga unakufa?"

Kicheko tena. Nikasimama mimi.

"Shemeji, mgonjwa akitolewa damu, daktari anaitia kwenye kichupa na kufunga. Wewe ungekwenda kuimwaga chini uone kama ni nyekundu?"

Hapo alikosa jibu, nikaona kwa macho yangu kwamba amekosa. Na mwanaume aliyekosa jibu mbele ya mkutano ni mtu wa hatari. Alinitazama, akamtazama Rahel, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mama Eliana, mwanamke akijifunika blanketi mchana, akatoka na kitu amekificha, kitu hicho ni cha wizi au ni cha aibu. Hakuna cha tatu."

Wanaume walicheka. Upande wa wanawake hakuna aliyecheka. Mume wangu, Leonidas, alitazama viatu vyake. Nimekwisha kumwambia nilichokiona, basi tuliache.

Ndipo wakaleta kisu.

Nilisimama hatua tatu kutoka pale. Nilitazama mchanga uliokaa gizani tangu kabla ya ukoo wetu kuwa na jina ukimwagika juani kwa dakika tano, na vidole vya Obadia vikiutafuta. Walipomaliza, Melkizedeki alijipangusa mikono na kusema jambo ambalo nitakwenda nalo kaburini.

"Haya, ni mchanga kweli. Poleni kwa usumbufu. Si mnaweza kujaza mwingine? Upo mwingi."

Rahel hakulia. Alikunja turubai lao, akawakabidhi, akaingia nyumbani kwangu akakaa kwenye kiti na mikono mapajani. Ruhusa yake ilikuwa inakwisha Jumapili.

Mnadhani kuona ni mchanga kuliwatosha? Kabla jua halijazama Obadia alikuwa amekwisha kuwapa maelezo mapya: wale wanawake walikuwa bado hawajafika kwenyewe, mali iko chini zaidi. Siku ile na asubuhi iliyofuata walichimba mashimo kumi na moja kuzunguka mtaro wetu, wakifyeka nyasi ili wapate pa kusimama na kuwasha moto vichakani ili wafukuze nyoka. Hayo yote mwezi wa Agosti, mwezi ambao upepo wa mashariki unang'oa mabati. Hawakupata rupia hata moja.

Ijumaa, kabla ya saa tatu, mama mkwe wangu aliingia uani kwangu akiwa ameshika mkongojo wake na kuvaa kitenge kizuri. Bibi Luciana ana miaka sabini na minne. Amemzaa Melkizedeki, amemzaa Leonidas, na wengine watano.

"Shikamoo mama," tukamwamkia wote wawili.

"Marahaba. Mmekaa mnasubiri nini?"

"Mama, tumeshindwa," Rahel akamwambia.

"Nyie mmeshindwa. Mimi jana nimeitwa mwizi au mchafu na mtoto niliyemfuta makamasi, na sijajibu. Vaeni."

Kwa Wanyaturu mwanaume akiwadhalilisha wanawake hadharani, wanawake wana njia yao, nayo haipiti mahakamani. Wanakwenda uani kwake wote na kukaa. Hawatukani, hawapigi kelele, hawaondoki. Nyumbani kwao hakupikwi, maji hayachotwi, mpaka aliyekosa alipe. Zamani alilipa dume la ng'ombe. Mimi nilikuwa nimelisikia tu kama jambo la kale, na kwa elimu yangu nilikuwa nimeliweka pamoja na mambo ya kale mengine. Bibi Luciana hakuwa na habari kwamba nimeliweka huko.

Tulipofika uani kwa Melkizedeki tulikuwa zaidi ya arobaini, Wakristo na Waislamu, wengine na vichanga mgongoni. Tukakaa chini, kati ya mlango na zizi, kiasi kwamba ng'ombe hawakuweza kutoka kwenda kuchungwa. Rebeka, mke wa mwenyekiti, alikuwa anakoroga uji. Alitutazama, akaepua sufuria, akaumwagia moto maji, akaja kukaa kando ya mama mkwe wake bila neno.

Melkizedeki akatoka na mswaki mdomoni.

"Mama, kuna nini?"

Kimya.

"Rebeka, uji uko wapi?"

Kimya. Ng'ombe mmoja akalia.

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa kijiji, watu wakiniona hivi..."

"Kaa wakuone," Bibi Luciana akasema.

Ilipofika saa sita wanaume wa nyumba nyingine walianza kuja mmojammoja kumwuliza mwenyekiti atamaliza lini, maana kwao hakuna kilichopikwa. Leonidas naye alikuja. Safari hii hakutazama viatu. Alisimama mbele ya kaka yake akasema, "Kaka, hili umelitaka mwenyewe," akaondoka. Si mengi, lakini nimeyahesabu.

Saa tisa Melkizedeki alileta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, akasema atatoa dume.

"Dume lako lichunge," alijibiwa. "Umesema watoto hawa wakichukua kitu chini ya blanketi ni wizi au ni aibu. Kesho utaingia wewe chini ya blanketi. Utashika nyundo. Utajaza mabomba sita, na kijiji kizima kitasimama juu kinakutazama ukijifunika mchana. Halafu utatuambia ni kipi kati ya hivyo viwili."

Kuna mtu nyuma yangu alikohoa kicheko. Melkizedeki aliinamisha kichwa.

"Sawa, Mama."

"Shikamoo ya wanawake iko wapi?"

"Shikamooni," akasema, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, kwa wanawake arobaini ambao nusu yao ni wadogo kuliko yeye.

Jumamosi tulirudi mtaroni. Mashimo ya watafuta rupia yalikuwa yameulegeza ukuta, ikabidi tuukate ndani mita nzima kupata mchanga ambao haujaguswa. Tulikata mipira mipya kutoka tairi la pikipiki. Ilipofika saa ya kujifunika, kukatokea kikwazo ambacho chuo hakifundishi: nani atamshikia bomba? Mimi ni shemeji yake, na shemeji na shemeji hawajifuniki blanketi moja hata kama ni kwa ajili ya sayansi. Rebeka alikataa, akisema bado amekasirika. Rahel alihitajika juu kuelekeza.

"Nisogezeeni ngazi," Bibi Luciana akasema.

Basi aliyeingia ni mama yake. Tuliwafunika. Juu tulisikia kila kitu.

"Mama, toa mkono, nitakupiga."

"Ukinipiga utanijua. Gonga."

"Sioni kitu."

"Hupaswi kuona. Gonga."

"Mwenyekiti, taratibu, likae sawa!" Rahel akaita kutoka juu. "Hilo la kwanza liwe chini ya mkanda mweusi!"

"Mkanda mweusi nitaujuaje na hapa pote ni peusi?"

"Papasa!" tukamjibu kwa pamoja.

Chini ya blanketi vidole vikakwaruza ukuta. Kisha tukamsikia akiuliza kwa sauti nyingine, si ya mkutano: "Mama, haya ni magamba ya konokono?"

"Ndiyo."

"Konokono wa majini. Huku juu?"

"Gonga, Melkizedeki."

Mabomba sita yalijaa, yakafungwa, yakavishwa nailoni. Alipotoka, mchanga ulikuwa mpaka kwenye nyusi zake, na kidole gumba kilikuwa kimevimba. Watu walisubiri aseme kama ni wizi au aibu. Alisema, "Ni kazi," akaomba maji. Hakuniomba radhi, wala hakumwomba Rahel. Ninaliandika hilo ili lijulikane.

Jumapili Rahel aliondoka kwa basi na mabomba miguuni pake. Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya maabara: sampuli zimepokelewa zikiwa salama, majibu ndani ya miezi sita. Niliipeleka wilayani mwenyewe. Ofisa wa mazingira aliisoma mara mbili, akagonga muhuri juu ya faili la mkandarasi: kibali kimesimama mpaka majibu yatoke.

"Umefurahi, Mama?" akaniuliza.

Nilisema asante. Nilifurahi mpaka nilipofika kisimani.

Mashimo kumi na moja hayakuwa tena kumi na moja. Matatu makubwa yalikuwa yameungana kuwa bonde moja, kingo zikiwa zimemeguka, mizizi ya nyasi ikining'inia hewani. Kutoka mdomo wa bonde lile ulimi wa mchanga mwekundu, msafi, usio na mzizi, ulikuwa umeshuka upande wa magharibi. Nilihesabu hatua. Kutoka ncha ya ulimi hadi kisimani zilikuwa mia mbili na kumi. Nikachomeka kijiti penye ncha. Nilirudi baada ya siku tatu, na kijiti sikukiona.

Hakuna greda lililopita pale. Hakuna lori. Ni majembe ya mkono ya wanaume waliotafuta rupia siku moja na asubuhi moja, kwa sababu waliona watu wawili wamefunga kitu na hawakuvumilia kutokukiona. Na sasa maji ya kaya mia tatu yako mbele ya upepo, na majibu ya maabara yatakuja kutuambia mwaka ambao jambo hili lilitokea zamani, wakati sisi tunalitazama likitokea.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Obadia. Alikuwa amekaa kivulini anakula karanga.

"Simama," nikamwambia.

"Mama Eliana, karibu kwanza..."

"Sijaja kukaribishwa. Chukua panga. Unakata miiba ya migunga kule bondeni, si juu ya Mgongo, ukikata hata tawi moja juu ya Mgongo nakufunga mimi mwenyewe. Unaipanga kukinga upepo, safu kwa safu, kuanzia mdomo wa shimo lako. Na wale wenzako kumi nawajua majina."

Alitaka kusema kitu kuhusu kikohozi. Aliniona uso, akachukua panga.

Tumepanga miiba siku nne sasa. Katikati ya safu tunapandikiza nyasi ile ngumu tunayoing'oa kandokando ya mashamba, na wanawake wanaimwagia maji ya kisima hichohicho, ndoo mojamoja. Mchanga unapenya. Asubuhi unakuta safu ya kwanza imefukiwa nusu, tunapanga nyingine juu yake. Macho yananiuma, midomo imepasuka, duka langu limefungwa.

Jana Melkizedeki alikuja na mkokoteni wa punda umejaa miiba, hakuitwa na mtu. Alisimama ubavuni mwa ule ulimi mwekundu, akautazama unavyotiririka kwa upepo, chembechembe, bila kukoma, kuelekea tunakochota.

"Shemeji," akasema, "kilima kitasimama?"

"Sijui."

"Lakini yalikuwa mashimo tu. Kumi na moja."

"Ndiyo."

Aliendelea kusimama. Alitaka nimwambie neno la kumtuliza. Sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo nisingempa. Nikamwonyesha pa kushusha miiba.